Sindano ya Jicho: Tusiogope, Tuulize



Katika kambi tunasikia watu wakisema: "Wakikupasua jicho, wanalitoa, wanalitia katika sahani, kisha wanalirudisha." Si kweli. Jicho halitoki mahali pake. Lakini neno hili linafanya wengine wakae nyumbani mpaka jicho linakufa.

Retina ni utando mwembamba ndani ya jicho, upande wa nyuma. Ndio unaopokea mwangaza. Kipigo cha jiwe, uzee ao ugonjwa wa sukari vinaweza kuuharibu ao kuubandua. Ukiona cheche, vidoti vyeusi vingi kwa ghafula, ao kivuli kama pazia, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda kwa munganga siku ile ile.

Watu wazima wengi wanapasuliwa retina bila kulala usingizi. Kwanza wanatiwa matone ya dawa. Kisha munganga anapitisha sindano kando ya jicho, si ndani yake. Wengine wanatumia mrija usio na ncha kali, chini ya utando unaofunika weupe wa jicho, kusudi hatari ya kulitoboa ipungue. Dawa ni lidokaine ao bupivakaine. Baada ya dakika chache jicho haliumi na halitembei. Utasikia sauti za watu, pengine utaona mianga. Usitikise kichwa, ukitaka kukohoa, sema kwanza. Watoto, na watu wasioweza kulala kimya, wanalazwa usingizi kamili. Mara nyingi ni vile pia kwa jicho lililopasuliwa na chuma.

Mimi nasema hivi: woga si kosa la mgonjwa peke yake. Asiyeelezwa ataogopa tu. Munganga akueleze mapema, kwa lugha unayoisikia, mbele ya bibi ao bwana yako. Nawe usifiche kitu: taja dawa za kulainisha damu, ugonjwa wa sukari, kikohozi. Kama ameacha gesi ndani ya jicho, uliza namna ya kulaza kichwa, wala usipande ndege mpaka akuruhusu, sababu kule juu gesi inavimba na kuliharibu jicho.

Waganga wanajua kulalisha jicho tangu mwaka 1884, Carl Koller wa Vienna alipoonyesha kazi ya matone ya kokaine. Inabaki kulalisha woga. Dawa yake ni maneno, na maneno hayana bei.