Nani alisema vitabu vya haki si vyetu?

Leo hatuandiki juu ya mpira wala mashindano ya kuimba. Tunaandika juu ya vitabu, na tunaomba msipite haraka.

Juzi juzi kulikuwa na kikao cha kutueleza kwa nini mgao wa chakula umepunguzwa tena. Mama mmoja jirani yetu alisimama akauliza: "Hiki chakula ni haki yetu au ni msaada?" Aliyeongoza kikao alisema swali ni zuri, akaandika kitu kwenye daftari, akaendelea na ratiba. Sisi wa kujitolea tulikuwa pembeni tumeshika karatasi za mahudhurio. Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani na aibu, maana ndio sisi tunaovaa zile fulana zenye neno HAKI mgongoni.

Jibu tulianza kulipata mahali ambapo hatukutegemea. Mwenzetu mmoja alikuwa amepakua kwenye simu makala ya mwaka 1943 ya mwanamke anayeitwa Hannah Arendt. Jina la makala kwa lugha yetu ni Sisi Wakimbizi. Tuliisoma jioni tatu pale kwenye kibanda cha kuchajia simu. Mmoja anasoma Kiingereza, mwingine anatafsiri, wengine wanabisha.

Huyu dada alikuwa Myahudi wa Ujerumani. Alikimbia mwaka 1933 baada ya Hitler kuchukua madaraka, akaishi Paris. Baadaye nchi yake ikamvua uraia. Mwaka 1940 Wafaransa wakamweka kwenye kambi ya Gurs, kusini mwa nchi, kwa sababu alikuwa Mjerumani. Yaani Ujerumani ilimkataa kwa Uyahudi wake, Ufaransa ikamfunga kwa Ujerumani wake! Ufaransa iliposhindwa vita kukawa na vurugu, yeye na wenzake wakapata nafasi ya kutoka. Mwaka 1941 akafika New York. Wayahudi wengi waliobaki Gurs walipelekwa Auschwitz kuuawa.

Kilichotushangaza ni jinsi anavyotuelewa. Anasema wakimbizi hawapendi kuitwa wakimbizi, wanatafuta majina mengine mazuri. Anamcheka bwana mmoja wa kubuni ambaye kila nchi anayofika anajifanya mwenyeji kuliko wenyeji wenyewe. Tulicheka sana, halafu tukanyamaza. Kila mmoja alimkumbuka mtu anayeficha lafudhi yake akiwa mjini. Wengine tulijikumbuka wenyewe.

Mwaka 1951 akatoa kitabu kikubwa juu ya tawala za kiimla. Humo kuna hoja moja ambayo kila kijana wa kambini anapaswa kuijua. Anasema hivi, kwa maneno yetu: tangu Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 watu walitangaza kwamba binadamu ana haki kwa sababu tu ni binadamu. Lakini mamilioni walipopoteza nchi zao, wakabaki binadamu watupu bila serikali nyuma yao, zile haki hazikuonekana. Kwa hiyo kabla ya haki zote kuna haki ya kwanza, nayo ni kuwa mtu wa jamii fulani inayokutambua na kusikiliza unachosema. Ukikosa hiyo, unaweza ukalishwa na bado huna haki. Umelishwa kwa huruma, na huruma ikiisha, basi.

Sasa turudi kwa swali la mama. Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 25, linataja chakula kama sehemu ya maisha yanayomstahili kila mtu. Kwa hiyo kwenye karatasi ni haki. Lakini Shirika la Chakula Duniani linaendeshwa kwa michango ya hiari. Nchi tajiri ikiamua kutochangia mwaka huu, hakuna mahakama ya kuilazimisha. Kwa hiyo kwenye sahani ni msaada. Mama alikuwa ameuliza kitu kile kile ambacho Arendt alikiuliza mwaka 1951, na yeye hajawahi kushika hicho kitabu.

Wengine mtasema hayo ni mambo ya Wazungu. Kusema kweli, hata sisi tulisema hivyo mwanzoni. Lakini angalieni ni Wazungu gani. John Locke, ambaye hoja zake kwamba serikali inatawala kwa ridhaa ya watu zimeingia kwenye katiba nyingi, alikimbilia Uholanzi mwaka 1683, akarudi kwao Uingereza 1689. Kitabu chake juu ya serikali kilitoka bila jina lake, aliogopa. Jean-Jacques Rousseau alipotoa Mkataba wa Kijamii mwaka 1762, mji wake wa Geneva uliagiza kitabu kichomwe na yeye akamatwe, akawa anahama huku na kule. Watu hawa walilala kwenye nyumba za wengine wakiwa na begi tayari. Wanatuhusu.

Hatusemi tuwaabudu. Locke aliyeandika juu ya uhuru alikuwa na hisa kwenye kampuni iliyouza Waafrika utumwani. Rousseau aliandika juu ya usawa, lakini mwanamke akamweka chini ya mwanaume. Tuwasome hivyo hivyo, huku tunawauliza. Waafrika nao hawakukaa kungoja. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ulihusu watu waliokimbia kwa matukio ya kabla ya mwaka huo tu, na ukaja kufunguliwa na Itifaki ya 1967. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikubaliana Addis Ababa kwamba mkimbizi ni pia yule anayekimbia vita na machafuko, hata kama hakuna anayemwinda yeye binafsi. Wengi wetu tulioondoka Kongo usiku na watoto mgongoni tunaingia kwenye hiyo sentensi. Na hapa Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatambua haki yetu ya kufanya kazi na ya kutembea. Wangapi kati yetu tumeisoma? Tunaulizana bei ya boda kila siku, hii hatuulizani.

Tunajua jibu la haraka: kitabu hakiliwi. Ni kweli, na hakuna anayesema tusome badala ya kulima au kushona. Lakini tuliona kwenye kile kikao kwamba njaa bila maneno inaandikwa kwenye daftari na daftari linafungwa. Mtu anayejua ibara anajua pa kuuliza tena.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Vijana, tukutane saa mbili kila Jumamosi, tusome kurasa chache na kuzieleza kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wazee na mama zetu wakiwepo. Ndugu wa mashirika, kila uamuzi unaotugusa ubandikwe kwa Kiswahili, na uonyeshe umetokana na sheria au na upungufu wa pesa, kwa sababu hivyo ni vitu viwili tofauti. La tatu, acheni kidogo kutuita wanufaika. Mnufaika anasema asante. Sisi tunataka pia kuuliza kwa nini, na kupata jibu.

Wiki iliyopita tulikwenda kwa yule mama kumweleza tulichopata. Alisikiliza huku anachambua maharage. Mwisho akasema, "Kwa hiyo na nyinyi hamna jibu." Tukasema jibu kamili hatuna, mama, ila sasa tunajua swali lako ni la kweli. Akasema, "Basi niandikieni vizuri, na hiyo namba ya ibara muweke. Kikao kijacho nitauliza tena."

Tumemwandikia. Kikao kijacho tutakaa upande wake.