Waini kavu si waini mbovu

Wasee wa Thika na Ruiru, tuache hii tabia. Mtu anaonja waini nyeupe, anakunja uso, anasema imeharibika. Haijaharibika. Ni kavu tu.

Zabibu zikishakamuliwa, maganda yanatolewa mapema, ndiyo maana waini haina wekundu. Juisi inaachiwa hamira, nayo hamira inakula sukari na kutoa kileo. Ikimaliza sukari karibu yote, hiyo ni waini kavu. Ikizimwa kabla, utamu unabaki. Cucu zetu walijua hii hesabu kwa muratina: ya mapema ni tamu, ikikaa inachachuka na kukaza.

Halafu kuna chombo. Tangi la chuma lenye baridi linalinda ukali wa tunda, na Sauvignon Blanc nyingi hupitia huko. Leleshwa wanatengeneza yao hapa hapa Bonde la Ufa. Pipa la mwaloni, ambalo Chardonnay nyingi hupitia, linaongeza uzito na harufu ya vanila.

Kwa hivyo utamu si ubora, ni uamuzi wa mtengenezaji. Unapenda 4th Street? Kunywa bila aibu, na anayependa kavu asikuite mshamba. Shida yangu ni moja: sukari inaficha kileo. Watu wanamaliza chupa kama juisi, kisha wanavuka Thika Road usiku.

Kama umefika 18, soma lebo kabla ya kulipa: dry ama sweet, na asilimia ya kileo. Na ukienda home, panda daraja.