Siri ya Mgonjwa ni Amana kwa Muuguzi



Barua tuliyoipokea wiki hii yatoka kwa dada ambaye mama yake anatibiwa saratani ya ovari, yaani saratani ya vifuko vya mayai ya uzazi. Aeleza kwamba kila waendapo hospitali, muuguzi wa kike humhoji mama juu ya choo, juu ya damu, na hata mambo yaliyo baina yake na mumewe. Mama huona haya, akajibu kuwa hajambo, kisha akanyamaza. Dada auliza: je, kuyasema hayo si kuivua sitara aliyositiriwa nayo na Mola wake?

Jawabu ni kwamba si kuivua. Na amweleze muuguzi yote anayoulizwa, na hata asiyoulizwa akiona yamtatiza. Wanazuoni wameruhusu mwili wenyewe utazamwe kwa ajili ya tiba, kwa kadiri ya haja, na mwanamke apatikanapo yeye ndiye atangulizwe kumtibu mwanamke mwenziwe. Ikiwa mwili waruhusika kutazamwa, itakuwaje maneno yakatazwe? Anayeyasikia amebeba amana. Akiyatoa nje ya chumba cha matibabu, dhambi ni yake, si ya mgonjwa.

Wala kazi hii si ngeni katika Uislamu. Rufaida al-Aslamiyya alikuwa na hema lake katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina, na humo ndimo alimowekwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Ummu Atiyya alitoka katika vita saba, akiwapikia wapiganaji na kuwauguza wagonjwa. Basi wanaodhani kuwa muuguzi ni mtu wa kubadilisha shuka tu wamemdhulumu huyu wa leo na wale wa jana.

Maswali yenyewe hayaulizwi kwa udaku. Saratani hii aghalabu hutibiwa kwa upasuaji pamoja na dawa za kemo, na zitumikazo sana ni mbili, carboplatin na paclitaxel, ambazo hutiwa mshipani kwa dripu, mara nyingi kila baada ya wiki 3 hadi zitimie duru 6 au karibu yake. Daktari ndiye aziandikaye, lakini akaaye na mgonjwa saa zote dawa ikishuka ni muuguzi. Paclitaxel huweza kuushtua mwili katika dakika za mwanzo: kifua kikabana, uso ukawaka, presha ikaanguka. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa kwanza dawa za kukinga, na pengine nyingine huwa ni vidonge vya kumeza nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo na alfajiri yake. Muuguzi anapouliza, “Umevimeza?”, mama aliyeviacha kwa kuwa alinuia saumu ya Alhamisi, akaitikia ndiyo kwa kuona haya, ameitia nafsi yake hatarini kwa ajili ya saumu ya sunna. Na hina iliyokoza kwenye kucha, ijapokuwa ni pambo letu jema, huificha rangi ambayo muuguzi huitazama ajue hali ya damu. Kucha na zisubiri.

Swali la choo lina uzito zaidi. Uvimbe wa tumboni huweza kuufunga utumbo. Mgonjwa ambaye tumbo limejaa, anatapika, wala hapati choo wala upepo, ni wa kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Nasi twajua desturi ya majumbani kwetu: tumbo likifunga, huchemshwa sanamaki. Kwa mgonjwa huyu msiichemshe kabla ya kumwuliza muuguzi.

Na lile la chumbani? Dawa za kemo hutoka mwilini kwa mkojo, kwa matapishi na kwa majimaji mengine, kwa muda wa siku 2 hivi au zaidi. Anayefua nguo zake avae glavu, na mume atumie mpira ikiwa watakutana. Mwanamke wa umri wa miaka sitini hawezi kuliuliza jambo hili mbele ya mwanawe. Kwa hivyo, dada, siku ya miadi mfikisheni mama mpaka ndani, kisha nyote mtoke, na baba pia, abaki na muuguzi peke yao kwa muda.

Liko na jambo la homa. Baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe za damu huwa zimepungua sana, na homa ya nyuzi 38 ni dharura. Isingojewe asubuhi, wala isifunikwe kwa Panadol. Muuguzi hutoa nambari ya simu ili apigiwe. Mama asiyependa kuwasumbua watu usiku hana budi kuambiwa mapema kwamba huko si kusumbua.

Wapo watoto wanaomsihi muuguzi asimtajie mama jina la ugonjwa. Wametujia kutaka tuwaunge mkono, nasi hatukuwaunga. Mama akisema mwenyewe kuwa hataki kujua, na aachwe. Lakini akiuliza, ni haki yake. Ana madeni ya kulipa, ana wasia wa kuandika, ana watu wa kutakana nao radhi, na nani atamtengea wakati wa hayo ikiwa anaambiwa kila siku kuwa ni vidonda vya tumbo? Wengine huficha kwa kuchelea mabinti wasiposwe. Nao muuguzi akiuliza kama shangazi, khaloo au bibi aliugua saratani ya titi au ya ovari, ni kwa kuwa sehemu ya ugonjwa huu hurithiwa katika damu ya ukoo, na jawabu la kweli huweza kuwawahi hao hao mabinti kabla haujawafika.

Tumalizie kwa wasomaji walio wazima. Kipimo cha Pap huchunguza mlango wa kizazi, hakiionyeshi saratani ya ovari. Tumbo linalojaa siku nyingi, kushiba kwa matonge machache, maumivu ya kinena na kukojoa mara kwa mara, yakizidi wiki 2 au 3, yapelekeni hospitali. Vilevile damu inayotoka baada ya hedhi kukoma. Wengi hutujia kuuliza kama ni istihadha na kama waswali. Naam, waswali, na kesho yake waende wakapimwe.

Maswali juu ya kutawadha mkono ukiwa na sindano ya dripu, na juu ya fidia ya Ramadhani, tutayajibu wiki ijayo inshaallah.

Wabillahi tawfiq.