Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Taasisi ya Saratani Ocean Road: Uvimbe upimwe kabla dozi hazijaisha



Kutoka kwenye fremu za khanga za Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, hadi Ocean Road si mbali. Mwanamke wa sokoni anayetibiwa saratani ya matiti anaijua njia hiyo hata akiwa usingizini. Kila baada ya wiki tatu humwachia mwenzake fremu, akaenda kutoa damu na kusubiri majibu. Seli nyeupe zikiwa za kutosha, hutundikiwa dripu ya tiba kemia. Jioni anarudi na kichefuchefu. Baada ya wiki chache nywele zinaanza kubaki kwenye kitana. Na swali linalomkera ni lile lile: hii dawa inafanya kazi?

Barua hii inaomba ajibiwe mapema.

Kwa kawaida jibu hutoka kwenye vidole vya daktari. Hupapasa titi, hupima uvimbe kwa utepe, huandika sentimita kwenye faili. Njia hiyo ina kazi yake na haifai kuachwa, ila vidole hudanganyika. Kovu linaloachwa na seli zilizokufa hushikika kama uvimbe hai. Pengine uvimbe hausinyai, bali huvunjika vipande vipande katika eneo lile lile. Utepe unasoma namba ya mwanzo ilhali saratani imepungua sana.

MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, huangalia jambo jingine. Mgonjwa hulala kifudifudi, matiti yakiwa yamening'inia ndani ya koili maalumu, kisha huchomwa kwenye mshipa dawa ya kung'arisha picha iitwayo gadolinium. Saratani hujiotesha mishipa yake ya damu, nayo huvuja. Ndiyo maana gadolinium hukimbilia kwenye uvimbe na kuung'arisha pichani kwa dakika chache. Kompyuta hujumlisha ujazo wa sehemu zinazong'aa tu. Uvimbe ukiitikia tiba kemia, mng'ao huo hupungua, na unaweza kupungua kabla mkono haujahisi lolote.

Hili limeshapimwa. Mwaka 2012, Nola Hylton wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 216 wenye saratani ya matiti waliokuwa kwenye utafiti wa I-SPY nchini Marekani. Wote walikuwa na uvimbe wa sentimita 3 au zaidi, na walipigwa picha mara nne, kuanzia kabla ya dozi ya kwanza hadi kabla ya upasuaji. MRI ilitabiri vizuri zaidi kuliko mkono wa daktari nani angeitikia dawa, na ujazo ndio uliong'ara zaidi, hasa mwanzoni mwa matibabu. Utabiri si uhakika: wapo ambao picha hufifia na seli zikabaki. Kwa hiyo hakuna anayeomba picha moja iwe hukumu. Inaombwa impe daktari sababu ya kusimama na kufikiri upya, wakati bado kuna dozi za kubadilisha.

Wanawake wa utafiti ule wanafanana na wengi wanaofika kwako, Mkurugenzi. Hapa Tanzania wengi hugundulika wakiwa wamechelewa, uvimbe ukiwa mkubwa, na hivyo dawa hutangulia kisu. Dozi isiyosaidia haipotezi nauli na siku za biashara peke yake. Doxorubicin, mojawapo ya dawa za tiba kemia, huumiza moyo, na kiasi ambacho mwili mmoja unaweza kupewa maisha yote kina kikomo. Kumpa mwanamke dozi ambayo uvimbe wake umeikataa ni kumlia akiba ambayo hatarudishiwa.

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iko Upanga, jirani yako, na MRI inayo. Taasisi hizi mbili zikae, zikubaliane nafasi maalumu kwa wagonjwa wa matiti: picha moja kabla ya dripu ya kwanza, nyingine mapema baada ya matibabu kuanza. Koili ya matiti ihakikishwe, kwani mashine bila koili hiyo haitoi picha inayofaa kazi hii. Wagonjwa wa ubongo na uti wa mgongo nao wanaihitaji mashine hiyo hiyo, hivyo busara ni kuanza na wachache: wale ambao saratani haijasambaa na ambao upasuaji unawasubiri. Wengine wapimwe kwa ultrasaundi, na kila kipimo kiandikwe.

Gharama isiachwe mlangoni kwa mgonjwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo. Taasisi yako ina uzito wa kudai kipimo hiki kiingizwe kwenye kitita cha mgonjwa wa saratani ya matiti, kwa hoja na hesabu. Picha nazo zitunzwe pamoja, kwa ridhaa ya wenyewe, ili madaktari wetu wajue ujazo huo unasema nini kwa wanawake wa hapa, wakiwemo wenye saratani isiyoitikia dawa za homoni wala zile zinazolenga protini ya HER2.

Wagonjwa na ndugu zao wanasubiri jibu la maandishi: kundi la kwanza litaanza lini, na nani atalipia picha ya pili.