Dua ya Mama na Hesabu ya Maji



Juma lililopita tulikuwa Nyeri, kwa jamaa zetu waliohamia huko kutoka Mombasa miaka mingi iliyopita. Tulikuta nyumba imegawanyika. Kijana wao wa miaka 24 alikuwa ametandaza ramani mezani na kuchora mstari kutoka Nyeri hadi Misri: Nanyuki, Isiolo, Marsabit, Moyale, kisha Ethiopia na Sudan. Chombo chake ni baiskeli. Baba alikuwa amekwisha kukataa. Mama hakusema neno, ila macho yake yalikuwa mekundu.

Tulipoombwa rai yetu, tulianza kwa kusema kwamba jambo lenyewe si wazimu. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na msafara wa baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town, kiasi cha kilomita 12,000 kwa miezi minne, nao umewahi kupita Moyale, Marsabit na Nanyuki. Lakini msafara huo hufuatwa na gari la chakula na maji. Kijana wetu ana miguu yake na rafiki mmoja. Tukamwomba basi atujibu maswali matatu.

La kwanza ni maji. Kutoka Nanyuki barabara hupanda hadi Timau, kisha huteremka mteremko mrefu mpaka Isiolo, na baridi ya mlima huishia hapo. Isiolo hadi Marsabit ni zaidi ya kilomita 250, na miji iliyo njiani, kama Archer's Post, Merille na Laisamis, ni michache. Mwili unaofanya kazi chini ya jua lile waweza kuhitaji lita 10 kwa siku. Lita moja ni kilo moja. Akiba ya siku mbili ni kilo 20, kabla ya hema, chakula na vyombo vya ufundi. Kijana alikuwa ameandika lita 4. Anayekosa maji ya udhu ana ruhusa ya kutayamamu, lakini kiu haina badala.

La pili ni kurudi. Katika kaunti ya Marsabit imesimamishwa mitambo 365 ya umeme wa upepo, kwa kuwa upepo wa huko ni wa nguvu na haukatiki. Huvuma kutoka kusini-mashariki, kama kusi yetu. Aendaye kaskazini husukumwa mgongoni. Arudiye hupigwa kifuani. Anayepima safari kwa wepesi wa kwenda hujidanganya.

La tatu ni amani. Sudan imo vitani tangu Aprili 2023, na eneo la Amhara nchini Ethiopia lilishika moto Agosti mwaka huo huo. Mgeni akikwama huko, huwaongezea mzigo watu ambao wenyewe hawana kitu.

Hapo ndipo mama alipofungua kinywa. "Mwanangu, mimi silihofii jangwa. Naihofia haya yako. Utachoka, nawe utaona aibu kutuambia."

Kijana aliinamisha kichwa. Baba, kwa mara ya kwanza, akavuta kiti karibu na ramani.

Walikubaliana hivi. Safari ya mwaka huu itaishia Moyale, na kurudi ni kwa basi. Kabla ya hapo, vijana watajizoeza kati ya Nyeri na Nanyuki wakiwa na mzigo kamili. Watachukua baiskeli za chuma, ambazo fundi yeyote wa kuchomelea njiani ataweza kuzitengeneza, pamoja na tyubu, spoki na cheni za akiba. Watapiga simu kila jioni panapopatikana mtandao. Na wakigeuza njia, hata kama ni Isiolo tu, hakuna atakayewacheka.

Wazazi wenzetu, mtoto anayekatazwa bila kusikilizwa hujifunza kuficha. Ipo siku ataondoka alfajiri bila kuaga. Tuketi nao kwenye ramani. Tuulize maji yako wapi, njia ina usalama gani, atarudi vipi. Nanyi vijana, msiondoke bila radhi za wazazi, wala msione haya kurudi.

Mama alimwombea mwanawe dua kabla hatujaaga, naye ameanza kumshonea mfuko wa dawa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote.