Daftari la Wiki: Mfupa Hutafutwa Wapi

Mwamba wa dhahabu

Mawe yanayovunjwa kutafuta dhahabu Nyamongo, wilayani Tarime, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yalipoumbika, duniani hapakuwa na mnyama hata mmoja. Viumbe vyote vilikuwa vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Dinosau wa kwanza walitokea miaka kama milioni 230 iliyopita. Kwa hiyo mchimbaji hapati mfupa wa dinosau ndani ya mwamba huo, hata ashuke kina gani.

Mjusi wa Lindi

Mfupa hudumu ukifunikwa mapema na tope au mchanga, kabla fisi, jua na mvua havijaumaliza. Madini yaliyomo katika maji huupenya polepole, ukageuka jiwe. Hayo yalitokea Tendaguru, mkoani Lindi, miaka milioni 150 hivi iliyopita. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko, Boheti bin Amrani akiwasimamia vibarua, na wapagazi wakaibeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa dinosau waliopatikana huko, Giraffatitan, mla majani ambaye Watanzania wengi humwita mjusi, alisimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937. Kimo chake kinapita mita 13.

Nyati wa Olduvai

Upande wa kusini-mashariki wa mbuga za Serengeti liko Bonde la Olduvai, ambako majivu ya volkano na tope la ziwa vilihifadhi mifupa ya miaka isiyozidi milioni 2 hivi. Dinosau hawamo; walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Wamo Pelorovis, wa jamii ya nyati, ambaye pembe zake zilitanuka zaidi ya mita 2. Sivatherium, ndugu wa twiga mwenye shingo fupi. Na Deinotherium, wa ukoo wa tembo, aliyeota pembe kwenye taya la chini, zikapinda kuelekea ardhini.

Mbwa mwitu

Wanyama hao watatu wa Olduvai wametoweka duniani kote, lakini mnyama anaweza pia kutoweka mahali pamoja akabaki kwingine. Mwaka 1991 mbwa mwitu walitoweka katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti; kichaa cha mbwa ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Wenzao walisalia Loliondo, nje ya hifadhi, na kuanzia 2012 baadhi yao walihamishiwa hifadhini. Pelorovis hakuacha mwenzake popote wa kwenda kuchukuliwa.