Mraibu wa Kamari Atafutiwe Tiba, Asizomewe

Uraibu wa kamari ni maradhi yanayomfanya mtu aendelee kucheza hata anapojua wazi kwamba anajiangamiza. Madaktari wa akili wa Marekani waliyatambua mwaka 1980, na mwaka 2013 wakayaweka fungu moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo limeyataja katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022. Mitaani hali ni nyingine. Huko Utange, kama kwingineko Kisauni mjini Mombasa, mtu aliyemaliza kodi ya nyumba kwa kubeti huitwa mjinga au mwenye tamaa, na mazungumzo huishia hapo.

Kamari yenyewe si ngeni. Sheria ya Kenya ya kuisimamia ilitungwa mwaka 1966, na pata potea ya karata tatu imewala watu fedha kwa miaka mingi. Kilichobadilika ni simu. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 hakuna aliyedhani kwamba njia ile ile ya kumtumia mama pesa kijijini ingekuja kuwa mlango wa kasino. Leo dereva wa bodaboda anayengoja abiria, au mfanyakazi wa hoteli ya Shanzu aliyerudishwa nyumbani wageni walipopungua, anaweza kupoteza mshahara wa mwezi akiwa amelala kitandani, na anayelala ubavuni mwake asijue. Mkeka wa mpira, yaani orodha ya mechi zinazobetiwa pamoja, angalau humngojesha mtu dakika 90. Ndege ya Aviator, mchezo wa kamari wa kwenye simu, hupaa na kutoweka kwa sekunde chache, kisha hupaa tena, usiku na mchana.

Ubongo wa binadamu huvutwa zaidi na malipo yasiyotabirika kuliko yale ya uhakika. Mkeka wa timu kumi ukichanika kwa timu moja, aliyeucheza haoni kwamba ameshindwa. Huona kwamba amekaribia. Hapo ndipo anapoanza kufukuzia hela zilizokwenda, akikopa leo ili kulipa deni la jana. Ushahidi mkubwa kwamba hili si suala la tabia mbaya tupu umetoka kwa wagonjwa wa Parkinson. Baadhi yao, watu wazima waliotulia ambao hawakuwahi kucheza kamari maishani, walianza kuicheza bila kujizuia baada ya kupewa dawa zinazofanya kazi ya dopamini, ile kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu. Dawa zilipopunguzwa au kusimamishwa, wengi wao waliacha.

Wapo watakaosema kwamba kamari ni haramu, na kwamba kumhurumia anayeicheza ni kuihalalisha. Ni kweli kwamba Kurani imeitaja pamoja na ulevi, na hukumu hiyo haibadiliki. Lakini pwani imekwisha kujifunza kwa machungu kutofautisha tendo na mtu. Waliozama katika unga walitukanwa na kupigwa miaka mingi, na matusi hayakumponya hata mmoja. Leo Kisauni ina kliniki ya methadoni, na hakuna mwenye akili timamu anayesema kliniki hiyo imehalalisha heroini. Mraibu wa kamari anastahili jicho hilo hilo, tena huenda yeye ana hatari zaidi ya kusahauliwa, kwa kuwa hanuki pombe wala hasinzii barabarani. Aibu humfanya afiche, na siri ndiyo chakula cha maradhi haya. Kila anapozomewa maskani, hurudi kwenye simu, mahali pekee ambapo hakuna anayemcheka.

Huruma hii isichanganywe na kumlipia madeni. Fedha anayopewa mraibu mkononi hurudi kwenye mchezo, hata kama ameapa kwa dhati. Inafaa zaidi mtu anayemwamini amshikie mshahara wake kwa muda, kwa ridhaa yake, na kodi na karo zilipwe moja kwa moja. Wanachama wa chama chake cha akiba wamwondolee kazi ya kutunza fedha bila kumtangaza. Akiteleza baada ya miezi kadhaa, isidhaniwe kwamba alikuwa anadanganya. Kuteleza ni sehemu ya maradhi, na ushauri wa kitaalamu wa kubadili fikra na mazoea, ambao ndio tiba yenye ushahidi zaidi, huchukua muda. Anayeanza kusema kwamba afadhali afe asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba, na kwa hiyo hofu ya polisi isizuie familia kutafuta msaada.

Mwaka huo huo Kenya ilipata sheria mpya ya kudhibiti kamari. Sheria itabana kampuni, lakini haitaingia chumbani saa nane za usiku kumwona mtu akikodolea simu macho. Atakayemwona ni mke, mama au mwenzake wa chumba. Huyo na amketishe faraghani, asikilize hesabu yote ya madeni bila kumkatiza, kisha amsindikize hospitali ya Port Reitz, ambako kuna huduma ya afya ya akili.